Hata Soda

Wapo wanaume wanaoamshwa na simu, wapo wanaoamshwa na watoto, na alikuwapo fundi mmoja wa makochi aliyekuwa akiamshwa na kijiko. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso sawasawa, mkewe alimjia na kijiko cha mafuta ya habasoda kilichojaa hadi ukingoni, akitembea nacho polepole kama mtu aliyebeba yai. Mkono wa kushoto ulimshika Fundi kidevu, wa kulia ukamimina. Fundi alifumba macho, akameza, uso wote ukajikunja na kukusanyika kwenye pua, na mkewe akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kituko kilikuwa kile kile miaka nenda miaka rudi, na hakikuwa kimemchosha hata kidogo.

Mwenye kuyajua mafuta hayo hahitaji kuelezwa. Asiyeyajua aambiwe tu kwamba yanakamuliwa kutoka kwenye mbegu ndogo nyeusi, ni machungu, yanawasha kooni, na harufu yake hupiga hodi kabla ya mwenye nayo. Mke wa Fundi aliyapenda mno. Kwake yalikuwa ya kifua, ya tumbo, ya magoti, ya nywele, ya kuleta usingizi na ya kuuondoa kwa anayelala kupita kiasi. Bawaba ya mlango wa jikoni ilipoanza kulia, aliipaka. Bawaba ikanyamaza, naye akaihesabu pamoja na wagonjwa wengine aliowaponya.

Mtaa mzima ulimwita Mama Kijiko. Alinunua habasoda kwa kilo, akazipeleka kukamuliwa kwenye kinu cha mtaa wa pili, akagawa mafuta kwenye vichupa vidogo vilivyokuwa vya dawa ya kikohozi, na nyumba yoyote yenye mgonjwa ilipata kichupa chake bila kuomba. Wengine walikunywa, wengine walijipaka, wengine walikificha nyuma ya kabati na kusema wanaendelea vizuri. Fundi mwenyewe alimuuliza siku moja kama yapo maradhi ambayo mafuta yake hayayawezi.

"Kifo tu," akajibu.

"Na maneno mengi ya mke?"

"Hayo si maradhi, Fundi. Hayo ni matibabu."

Basi ndivyo walivyoishi, wakitaniana, na nyumba ilikuwa na raha yake. Lakini Fundi alikuwa na mpenzi wa pembeni, na mpenzi mwenyewe alikuwa soda. Si soda yoyote: ile nyeusi, ya baridi, iliyotoka sasa hivi kwenye friji la duka lililokuwa ng'ambo ya barabara. Aliinywa saa za kazi, amefumba macho, na alipomaliza alishusha pumzi kama mtu aliyesamehewa dhambi. Chupa iliyobaki nusu aliificha kwenye kochi kuukuu la mteja aliyehama bila kulifuata. Kochi hilo lilikaa kwenye kona ya karakana, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na kwa nyuma Fundi alikuwa ameacha kitambaa bila kukishona, upana wa mkono kuingia. Aliyepita angedhani ni kazi ambayo haijaisha.

Mambo yalianza kwenda kombo pale kiu ilipomzidi. Alikunywa maji, akanywa soda, akanywa tena maji, na bado ulimi ulikuwa mkavu. Akawa wa kwenda chooni na kurudi, kwenda na kurudi. Vidole vya miguu vikawa vinamchomachoma. Mkewe alimwongezea kijiko, akaona hakuna nafuu, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa mafuta lakini si mjinga, akamwambia aende zahanati akapimwe.

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa maneno. Alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akamtazama Fundi, kisha akakitazama tena kipimo kana kwamba mmoja wao anadanganya. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Akampa vidonge na kumweleza namna ya kuvimeza. Akamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, na Fundi, mtu mzima na mvi zake, akaona aibu kusema kwamba mkewe humnywesha mafuta huku amemshika kidevu. Akasema hatumii kitu.

"Haya. Sukari kwenye chai, acha," daktari akasema. "Biskuti, acha. Juisi za pakiti, acha. Hata soda, baba yangu. Hata soda uache."

Fundi alirudi nyumbani mnyonge kama mtu aliyetoka kuzika. Ya sukari kwenye chai aliyameza. Ya biskuti hayakumhusu. Lakini soda! Aliingia moja kwa moja karakanani bila hata kubadilisha shati, akachukua nyundo, akajaza misumari mdomoni, na kuanza kupigilia kitambaa kwenye ubavu wa kochi la watu wawili. Ndivyo wafanyavyo mafundi makochi: misumari midogo huibana kwa midomo, mmoja mmoja huutoa kwa ulimi, na mkono mmoja unabaki huru kuvuta kitambaa. Ni ustadi wa kupendeza kuutazama. Ila fundi wa namna hiyo usimuulize jambo la maana, kwa sababu midomo imefungwa na kila herufi inayopenya hapo hutoka imevaa nguo za kuazima.

Mkewe akamuuliza jambo la maana. Alikuwa amesimama mlangoni, roho juu, akitaka kujua daktari kasema nini.

Fundi akamweleza kuhusu sukari na vidonge, mkewe akaitikia. Kisha, bila kutoa misumari, akasema lile lililokuwa likimkaba. Alichotaka kusema ni kwamba daktari kasema hata soda niache. Kilichotoka kwenye ile midomo iliyobana kilikuwa hivi:

"Kasema haba soda niache."

Mkewe akauliza kwa sauti ndogo, "Habasoda?"

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Kilichotakiwa ni Fundi kutema misumari kiganjani na kusema, hapana mke wangu, hata, siyo haba. Lisingemchukua muda wa kupiga chafya. Lakini akili yake ilikimbia mbio kuliko ulimi, ikaona mambo mawili kwa pamoja: kile kijiko cha uchungu kimeondoka, na ile soda tamu imebaki. Akapigilia msumari.

"Mm," akasema.

Mimi simtetei. Wapo watakaosema hakudanganya, kwamba "mm" si neno, na kwamba makosa yalikuwa ya misumari. Hao waambiwe kwamba Fundi mwenyewe alijua alichokifanya, maana masikio yalimwaka moto, na msumari uliofuata akaupigilia kwenye kidole gumba.

Asubuhi iliyofuata aliamka mwenyewe. Hakuna kijiko, hakuna kidevu, hakuna cha kukunja uso. Alipiga mswaki, akanywa chai kavu, akameza kidonge, na ilipofika saa ya joto akavuka barabara kwenda kuchukua soda yake. Aliinywa amejificha nyuma ya kochi na kujiona mjanja. Siku mbili tatu hizo zilikuwa kama likizo.

Ila Mama Kijiko alikuwa mwanamke wa kulichukulia neno kwa uzito wake. Kama mafuta yake yalimdhuru mume wake hata daktari akayakataza, basi huenda yanadhuru watu wengine, tena watu aliowapa yeye kwa mkono wake. Akachukua kikapu, akapita nyumba kwa nyumba, akavichukua vichupa vyote alivyogawa. Hakusema kwamba daktari wa mumewe kakosea. Hakumsingizia mtu wa kinu kwamba kachanganya mbegu. Kila mlangoni alisema samahani, nilikuwa sijui. Mama mmoja aliyekuwa akijipaka magoti alikataa kutoa chupa yake na wakavutana kidogo, mpaka yule mama alipoona machozi akaiachia.

Vichupa alivipanga chini ya meza ya jikoni, akavifunika kwa gunia. Baada ya hapo alinyamaza. Si kwamba alinuna, maana aliyenuna huwa na jambo la kusema na anasubiri aulizwe. Huyu alinyamaza kama redio iliyochomolewa. Alipika, akafua, akajibu alipoulizwa. Bawaba ya mlango wa jikoni ikaanza tena kulia, na aliusikia ule mlio kila alipopita, na hakuipaka.

Fundi alijitia hamnazo kwa muda. Alijaribu utani, akamuuliza kama sasa ameacha udaktari atafungua duka la miwani. Mkewe akatabasamu kwa adabu, kama anavyotabasamiwa mgeni. Tabasamu hilo lilimchoma Fundi kuliko ambavyo angechomwa na matusi. Asubuhi moja, akijitazama kwenye kioo, akajikuta ameshika kidevu chake mwenyewe. Hapo ndipo alipotambua kwamba kile kijiko, pamoja na uchungu wake wote, ndicho kilichokuwa kinamleta mkewe karibu naye kila siku. Saa nyingine zote yeye alikuwa na nyundo na mwenzake ana masufuria. Alimkumbuka mke wake, na mke wake alikuwa chumba cha pili.

Aliyemmalizia ujanja alikuwa mwenye duka. Fundi alipofika kuchukua soda, yule bwana alichelewa kuifungua. Akasema Mama Kijiko alipita jana kuchukua chupa iliyokuwa imesahaulika, aliyompa mama mzazi wa mwenye duka, bibi kizee ambaye kwa kweli hakuwa akiinywa, aliinusa tu kwa kuwa ilimkumbusha watu wa zamani.

"Kamwomba radhi mama yangu mpaka mama akaanza kulia na yeye," akasema. "Ni nini hasa kimetokea, Fundi? Yale mafuta yamemuua mtu?"

Fundi akasema hapana, hayajamuua mtu. Akachukua soda yake, akanywa nusu pale pale, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ikawa na ladha ya maji yaliyooshewa vyombo vitamu. Akaifunga kifuniko. Akapiga moyo konde kwamba leo leo, kabla jua halijazama, atamwambia mkewe ukweli, liwalo na liwe.

Nia ilikuwa safi. Nasema hivyo ili nisimwonee. Aliporudi alimkuta mkewe karakanani, amekaa kwenye kochi lile lile kuukuu la kona, anashona vifungo vya shati. Fundi akaificha chupa nyuma ya mgongo, akakohoa, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema joto limezidi leo. Mkewe akakubali kwamba limezidi. Fundi akashika nyundo, akaiweka, akaichukua, akaiweka tena. Mkewe akainuka, akasema anakwenda kutazama chakula jikoni.

Mara alipotoka, Fundi akaona afadhali ajitie nguvu kidogo. Kumwambia mke ukweli ni kazi nzito, na mtu haendi kwenye kazi nzito koo likiwa kavu. Ile aliyoishika ilikwisha kumkinaisha, lakini mle ndani ya kochi kulikuwa na nusu ya jana, iliyokaa kivulini. Hiyo ingekuwa ya kuagana. Soda ya mwisho, kisha toba. Akazungusha mkono nyuma ya kochi, akauingiza kwenye ule upenyo, akaipata chupa, akaifungua na kuigeuza mdomoni kwa pupa, macho amefumba.

Iliyoingia haikuwa soda. Kinywa kizima kilijaa mafuta ya habasoda, mengi kuliko vijiko viwili, yakapanda puani, yakashuka kooni yakiwasha. Uso wake ukajikunja wote ukakusanyika kwenye pua, kama zamani, na machozi yakamtoka. Alitaka kutema. Akafumbua macho, akamwona mkewe amesimama mlangoni, mikono kifuani. Akameza.

"Ni maji na majani ya chai," mkewe akasema. "Mafuta yameelea juu. Nisingemwaga chupa nzima ya mafuta kwa ajili yako."

Mkewe akaja akakaa tena kwenye kochi na kumweleza yote kwa utulivu. Alikuwa ameshindwa kulala kwa mawazo ya watoto wa watu aliowanywesha. Asubuhi ile alichukua kichupa kimoja akaenda nacho zahanati, akamwomba daktari amwonyeshe ni kitu gani kibaya kilichomo. Daktari akakinusa, akashangaa. Akasema yeye hakukataza mafuta, hakuambiwa hata kama yapo. Alichosema ni soda. Hata soda. Wakatazamana. Kisha mkewe akamwomba daktari alirudie lile neno, na daktari akalirudia, na hapo Mama Kijiko akaikumbuka ile misumari. Aliporudi aliitafuta soda karakana nzima mpaka akaupata ule upenyo wa kochi.

"Nimecheka, usidhani sikucheka," akasema. "Nimecheka hadi daktari akanipa kiti. Halafu nikiwa njiani narudi nikakumbuka kwamba nilikuuliza. Nilikuuliza mara ya pili, na wewe ukasema mm."

"Nilikuwa nakuja kukwambia. Leo leo. Naapa."

"Na chupa mkononi?"

Fundi akaitazama chupa. Ilikuwa mkononi kweli, na ile nyingine ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

Mkewe akaweka shati pembeni. "Soda unajidhuru mwenyewe, na miguu itakayooza ni yako. Kilichoniuma mimi si soda. Kilichoniuma ni kwamba uliniona nikitembea na kikapu mtaa mzima naomba radhi, na wewe ulikuwa unajua, ukaniacha nitembee."

Fundi akakaa chini sakafuni, kwenye vipande vya sponji, na kusema amekosa. Alilisema bila msumari mdomoni, kila herufi mahali pake. Akasema tena kwamba nyumba imekuwa baridi na kwamba anaona haya. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Akasema amesikia.

Kusikia si kusamehe, na Fundi alilijua hilo kesho yake. Aliamka na kukuta kijiko cha habasoda juu ya meza, kimejaa, kimewekwa kwenye kisahani. Alimtazama mkewe. Akanyanyua kidevu kidogo, kama anayetafuta kitu kwenye dari.

"Kijiko hicho hapo," mkewe akasema bila kugeuka. "Mikono unayo."

Akanywa mwenyewe. Uso ukajikunja, na hakuna aliyecheka.

Basi siku ile hakufungua karakana. Alikwenda jikoni, akafunua gunia, akapanga vichupa vyote kwenye kikapu, akatoka navyo. Mwanamume mzima, fundi anayeheshimika, na kikapu cha mkewe begani. Alipiga hodi nyumba ya kwanza, ya yule mama wa magoti, akaeleza kwamba mafuta hayana kosa, kosa ni lake, daktari alimkataza soda na yeye akaliacha neno lisikike vibaya. Yule mama akamtaka arudie. Akarudia. Akamwita binti yake aje asikie, na Fundi akarudia mara ya tatu, pamoja na namna misumari inavyokaa mdomoni. Walicheka mpaka jirani akatoka nje, na huyo naye akaelezwa upya tangu mwanzo.

Ilikuwa hivyo kila mlango. Kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi kisichoisha, Fundi alitoa na ujumbe mwingine ambao mkewe, alipomwona anabeba kikapu, alimwagiza kwa uso wa kuona haya kidogo. Ni kwamba daktari alimkalisha chini Mama Kijiko pia. Alimwambia mafuta yake ni kitu kizuri, kijiko kimoja hakimdhuru mtu mzima kwa kawaida, na wapo waliochunguza wakaona huenda yanasaidia kidogo hata kwenye sukari. Lakini mtu anayemeza vidonge lazima aseme kwamba anayatumia, na mgonjwa asikae nyumbani na kijiko wakati anatakiwa kupimwa kifua. Kwa hiyo Mama Kijiko anaomba mzee aende zahanati kwanza, mafuta baadaye. Mzee akasema kama Mama Kijiko mwenyewe kasema, atakwenda. Alipofika dukani, yule bibi kizee alikipokea kichupa chake kwa mikono miwili na kukipeleka puani.

Mtaa haukukosa la kufanya na habari hiyo. Kabla ya jua kuzama Fundi alikuwa na jina jipya. Waliokuja kuuliza bei ya kochi walimwulizia Fundi Hata Soda. Watoto waliopita walimwamkia kwa adabu zote, shikamoo Babu Hata Soda, na aliitikia, angefanyaje. Mwenye duka akawa anampa maji ya baridi kabla hajaomba, na kumwangalia kwa huruma ya kuudhi. Ule upenyo wa kochi kuukuu Fundi aliushona kwa uzi wa katani, mishono ya karibu karibu, kisha akamwita mkewe aje aukague. Mkewe akauvuta kwa kidole, akasema kazi nzuri, akaondoka zake.

Kijiko kiliendelea kukaa kwenye kisahani. Bawaba ya jikoni ilinyamaza, kwa maana yenyewe ilipakwa, lakini kidevu cha Fundi kilibaki bila mwenyewe. Alinyoa vizuri zaidi kuliko alivyozoea. Hakuna lililobadilika. Alitamani kuuliza adhabu hii itaisha lini, akaona kuuliza ni kuiongeza.

Siku ya kurudi kupimwa ilipofika, mkewe alivaa gauni lake zuri, akasema leo wanakwenda wote, yeye anataka kusikia kwa masikio yake. Waliketi mbele ya daktari kama wanafunzi waliokosea. Daktari akatoboa kidole, akasubiri, akakisoma kipimo, akavua miwani.

"Imeshuka," akasema. "Imeshuka vizuri sana. Niambie umefanya nini, na leo sitaki misumari mdomoni."

Fundi akafungua mdomo kuonyesha kwamba hamna kitu. Akasema amemeza vidonge bila kuruka. Ameacha sukari kwenye chai. Ameacha soda, yote, hata ile ya kuagana. Anatembea jioni mpaka kule kinuni na kurudi.

Daktari akaitikia akiandika. Mkewe alikuwa anatazama picha ukutani, picha ya namna ya kunawa mikono, kwa makini ya mtu ambaye hana habari na kinachofuata. Lakini Fundi alikuwa mume wa siku nyingi, na aliona jinsi vidole vyake vilivyoubana mkoba aliokuwa ameupakata. Akaelewa kwamba hapa napo palikuwa na mlango, na safari hii hakuna nyundo ya kumsaidia kuukwepa. Yale mengine yote, vidonge na matembezi, daktari mwenyewe angeyasifu. Hili moja lilimsubiri yeye, mbele ya mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kudanganywa kwamba halipo.

"Na natumia habasoda," akasema. Akaifungua midomo sawasawa, herufi moja moja, ili pasiwe na shaka yoyote. "Ha-ba-so-da. Kijiko kila asubuhi. Ananipa mke wangu. Mara ya kwanza uliniuliza nikaficha, kwa sababu niliona aibu. Sioni aibu tena."

Daktari akasema ni vema amesema, kwamba vidonge ndivyo mbele na kijiko kinafuata nyuma, na kwamba akisikia kizunguzungu aje mara moja. Akaandika.

"Umeiandika?" mkewe akauliza.

"Nimeiandika."

Mama Kijiko aliuweka mkoba chini, akamgeukia mumewe, akanyoosha mkono wa kushoto na kumshika kidevu, pale pale mbele ya daktari, ingawa hakuwa na kijiko.